Falme za Muda na Chai: Mchezo Mdogo Unaokumbukwa na Wakubwa

Ndugu msomaji, mtu akikuambia kwamba iko nchi iitwayo Sarasaland, na kwamba ndani yake zimo falme nne ziitwazo Birabuto, Muda, Easton na Chai, yamkini utadhani anakusimulia ngano. Na utakaposikia majina ya Muda na Chai hutaacha kutabasamu, maana hayo ni maneno unayoyatumia kila siku nyumbani kwako. Hata hivyo, nchi hiyo haikubuniwa na Mswahili. Ilibuniwa Japani na kampuni ya Nintendo ya mji wa Kyoto, ikatolewa kwa umma tarehe 21 Aprili 1989, ikiwa ndani ya kaseti ya plastiki ndogo kiasi cha kufichika katika kiganja cha mtoto. Mchezo wenyewe uliitwa Super Mario Land.

Watoto walioucheza zamani hizo leo ni watu wazima, na wengi wao wana watoto wao. Wanaukumbuka mchezo huo kwa mapenzi yanayomshangaza mtu asiyeujua. Kwa nini mtu aliyezungukwa na michezo ya kila rangi, yenye picha zinazokaribia kuwa kitu halisi, autamani mchezo usiokuwa na rangi hata moja, ambao mchezaji hodari huumaliza kwa muda usiofika saa moja? Swali hilo si la kitoto. Linahusu namna tunavyoutumia muda wetu, na linamgusa kila mzazi ambaye leo anavutana na mwanawe juu ya simu. Kwa sababu hiyo tumeona vema kulizungumza katika ukurasa huu wa jamaa.

FUNDI WA KIWANDA CHA KARATA

Ili kuuelewa mchezo huu, hatuna budi kwanza kumjua mtu aliyesimamia kutengenezwa kwake. Jina lake ni Gunpei Yokoi. Alizaliwa Kyoto mwaka 1941, akasomea elektroniki, na mwaka 1965 akaajiriwa na Nintendo. Wakati huo kampuni hiyo, ambayo ilianzishwa mwaka 1889, ilikuwa ikijulikana zaidi kwa kutengeneza karata za kuchezea. Kazi aliyopewa kijana Yokoi haikuwa ya kubuni kitu chochote. Alitakiwa kuitunza mitambo ya kiwandani isiharibike.

Katika saa zake za faragha alijitengenezea mkono wa kuchezea, unaorefuka na kufupika kama mkasi, wa kunyakulia vitu vilivyo mbali. Mkuu wa kampuni alipouona hakumkaripia kwa kupoteza wakati, bali aliamuru uundwe kwa wingi na kuuzwa. Mwaka 1966 mkono huo uliingia madukani kwa jina la Ultra Hand, na ukanunuliwa zaidi ya milioni moja. Tangu hapo Yokoi akawa mbunifu wa vitu vya kuchezea.

Inasimuliwa kwamba siku moja, akiwa safarini katika treni iendayo kasi, alimwona abiria mmoja aliyechoshwa na safari akibonyeza-bonyeza vitufe vya mashine yake ya kupigia hesabu ili kuua wakati. Hapo ndipo Yokoi alipopata wazo la kuunda mchezo mdogo wa mfukoni, unaotumia kioo kilekile cha mashine za hesabu, na ambao pia ungeonyesha saa. Michezo hiyo, iliyoitwa Game & Watch, ilianza kuuzwa mwaka 1980. Mwaka 1982, katika mmojawapo wa michezo hiyo, Yokoi aliweka kitufe chenye umbo la msalaba, ambacho kidole gumba kimoja kinatosha kumwelekeza mchezaji juu, chini, kushoto na kulia. Kitufe hicho kimeigwa na watengenezaji wa michezo duniani kote.

Yokoi alikuwa na kanuni yake. Aliamini kwamba fundi hana haja ya kukimbilia kila kipya kitokacho maabara. Ni afadhali achukue kitu kilichokwisha zoeleka, ambacho bei yake imeshuka na kasoro zake zimekwisha julikana, kisha akitafutie kazi ambayo hakuna aliyepata kuifikiria. Teknolojia ya namna hiyo aliifananisha na mmea ulionyauka. Sisi hatuhitaji kwenda Kyoto kujifunza kanuni hiyo. Fundi anayegeuza kopo tupu la maziwa kuwa kibatari anaijua, na mama anayechana kanga kuukuu akapata mbeleko anaijua pia.

MASHINE YA KIJIVU

Kanuni hiyo ndiyo iliyozaa mashine iitwayo Game Boy, ambayo ilitolewa Japani siku ileile ya tarehe 21 Aprili 1989, nayo Super Mario Land ikiwa miongoni mwa kaseti za kwanza kuuzwa pamoja nayo. Bei yake huko ilikuwa yeni 12,500. Ilipofika Marekani mwaka huohuo, iliuzwa kwa dola 89.95.

Kwa macho ya siku hizo, mashine hiyo haikuwa ya kuringia. Ilikuwa ya kijivu na nene. Kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa upana na 144 kwa urefu, na kiliweza kuonyesha viwango vinne tu vya weusi juu ya rangi iliyofanana na majani yaliyofifia. Hakikuwa na taa, hivyo aliyetaka kucheza usiku alilazimika kuketi karibu na taa ya nyumbani. Kitu chochote kilichokwenda mbio juu ya kioo hicho kiliacha kivuli nyuma yake, kama wino uliopakazwa kabla haujakauka.

Washindani hawakukawia kutokea. Mwaka huohuo wa 1989 kampuni ya Atari ilitoa Lynx, na mwaka 1990 kampuni ya Sega ikatoa Game Gear. Zote mbili zilikuwa na vioo vya rangi vilivyomulikwa kwa taa za ndani, na aliyezitazama dukani bila shaka aliiona Game Boy kuwa maskini. Lakini kila moja ya mashine hizo za fahari ilimeza betri sita kwa saa chache tu, ilhali Game Boy ilitosheka na betri nne ndogo na kuendelea kwa zaidi ya saa kumi. Mzazi anayenunua betri kwa fedha yake aliielewa hesabu hiyo upesi. Game Boy, pamoja na mrithi wake mwenye rangi aliyetolewa mwaka 1998, iliuzwa kwa zaidi ya mashine milioni 118. Wale washindani wawili hawakuikaribia hata kidogo.

MCHEZO USIOFANANA NA NDUGUZE

Sasa na tuutazame mchezo wenyewe. Super Mario Land ni mchezo ambao mchezaji humwongoza mtu mdogo mwenye masharubu, Mario, akimkimbiza kutoka kushoto kwenda kulia, akimrusha juu ya mashimo, na kumpandisha kutoka jukwaa moja hadi jingine huku akiwakwepa maadui au kuwakanyaga vichwani. Mario alikwisha kuwa mashuhuri kabla ya hapo, hasa kwa mchezo wa Super Mario Bros. wa mwaka 1985, ambao ulichezwa kwa kuunganisha mashine na televisheni. Mchezo ule ulikuwa kazi ya Shigeru Miyamoto, mbunifu wa Mario.

Lakini huu wa mkononi haukutoka katika mikono ya Miyamoto. Uliundwa na kikosi cha Yokoi, chini ya uongozi wa Satoru Okada, ambaye pia alikuwa mhandisi mkubwa wa Game Boy yenyewe. Muziki ulitungwa na Hirokazu Tanaka. Matokeo yake ni kwamba mchezo huu unafanana na Mario wa nyumbani kama mtoto wa ndugu anavyofanana na mtoto wa kuzaa. Sura ni ya ukoo uleule, ila tabia ni ya nyumba nyingine.

Katika michezo ya televisheni, Mario alikuwa akimwokoa binti wa mfalme kutoka kwa joka lenye gamba mgongoni. Katika huu, joka halipo na binti mfalme ni mwingine. Jina lake ni Daisy, na hapa ndipo alipoonekana kwa mara ya kwanza. Adui ni Tatanga, kiumbe kutoka anga za mbali, ambaye amewapumbaza watu wa Sarasaland na anataka kumwoa Daisy kwa nguvu. Mwisho wa kila ufalme katika falme tatu za mwanzo, Mario hudhani amempata Daisy, lakini yule anayemkuta hugeuka ghafla kuwa kiumbe kingine na kwenda zake. Hata mtoto aliyejua fika kwamba atadanganywa, kila mara alimkaribia kwa matumaini.

Falme zenyewe zimechukua sura za mahali halisi duniani. Birabuto ina mapiramidi na simba wa mawe wenye nyuso za watu, kama Misri. Muda ni ufalme wa majini, na jina lake linakumbusha visiwa vya Bermuda. Easton ina vichwa vikubwa vya mawe kama vile vya Kisiwa cha Pasaka katika bahari ya Pasifiki, isipokuwa baadhi ya vichwa hivi vimeota miguu na vinakimbia. Chai ina mianzi na mizuka ya Kichina inayorukaruka kwa miguu iliyoshikamana, na ambayo hata ukiikanyaga huinuka tena. Na kwa kuwa neno chai lenyewe asili yake ni China, likasafiri nchi hadi nchi mpaka likaingia katika lugha yetu, msomaji wa Kiswahili ana haki ya kujiona si mgeni kabisa katika ufalme huo.

Ajabu haziishii hapo. Katika michezo mingine ya Mario, kobe aliyekanyagwa huacha gamba linaloweza kupigwa teke likawaangusha maadui. Hapa gamba hulipuka kama bomu, na asiyekimbia huumia. Katika michezo mingine, ua la ajabu humpa Mario moto wa kurusha. Hapa humpa kijimpira kinachodunda kwenye kuta na dari, na ambacho kinaweza hata kumwokotea sarafu alizoshindwa kuzifikia. Kwingine, uhai wa ziada hupatikana kwa kuokota uyoga wa kijani. Lakini kwenye kioo kisichoonyesha rangi, nani angeutofautisha uyoga wa kijani na mwekundu? Basi hapa uhai wa ziada ni moyo, na hata mtoto wa miaka minne huelewa maana yake bila kuelezwa.

Sehemu zote za mchezo ni 12, yaani tatu kwa kila ufalme. Katika mbili kati ya hizo Mario haendi kwa miguu: mwisho wa ufalme wa Muda huingia katika nyambizi ndogo, na mwisho wa ufalme wa Chai hupanda ndege na kupigana mawinguni hadi amfikie Tatanga. Mtu aliyezoea kuruka majukwaa anajikuta ghafla ni rubani. Na anapookota nyota ya kumkinga na maadui, husikia wimbo wa ngoma ya can-can, uliotungwa na Jacques Offenbach mwaka 1858 kwa ajili ya jumba la tamthilia la Paris. Watoto wengi wa ulimwengu waliufahamu muziki wa Offenbach kwa njia hiyo kabla hawajalisikia jina lake.

Muziki wa Tanaka nao ulivuka mipaka ya mashine. Mwaka 1992 kundi lililojiita Ambassadors of Funk liliutumia kutengeneza wimbo wa kucheza dansi, na wimbo huo ukaingia katika kumi bora za Uingereza. Mchezo wenyewe uliuzwa kwa zaidi ya kaseti milioni 18.

KINACHOKUMBUKWA NI NINI?

Tuseme kweli, ndugu msomaji. Kumbukumbu ina tabia ya kuyapaka mafuta yaliyopita. Ukimpa leo Super Mario Land mtu ambaye hakuicheza utotoni, atakuambia kwamba Mario ni mdogo kama punje ya mchele, kwamba anaruka kwa namna ya kushtusha, kwamba kioo kinaumiza macho, na kwamba mchezo umekwisha kabla hajaketi vizuri. Yote hayo ni kweli. Mwaka 1992 Nintendo ilitoa mchezo wa pili katika mfululizo huohuo, Super Mario Land 2: 6 Golden Coins, ambao Mario wake ni mkubwa zaidi, nchi zake ni nyingi zaidi, na mchezaji anaweza kuhifadhi pale alipofikia. Kwa vipimo vingi mchezo huo wa pili ni bora kuliko wa kwanza. Iweje basi ule wa kwanza uendelee kushika nafasi yake katika mioyo ya watu?

Jibu la kwanza ni udogo wake. Kaseti nzima, pamoja na falme zote nne, maadui wote, muziki wote na Daisy mwenyewe, ina kilobaiti 64 tu. Picha moja inayopigwa leo kwa simu huhitaji nafasi kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Lakini mcheza bao atakuuliza, kuna ajabu gani? Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na watu wazima wamezeeka wakilicheza bila kuyamaliza yaliyomo ndani yake. Kitu kidogo kinaweza kujulikana chote. Mtoto aliyeucheza Super Mario Land alifahamu kila jiwe lililokuwa na sarafu, kila bomba lililokuwa na chumba cha siri, na kila mahali pa kusubiri pumzi mbili kabla ya kuruka. Aliijua Sarasaland kama mtu anavyokijua kichochoro cha mtaa wake, na watu hutamani kurudi mahali walipopajua namna hiyo.

Jibu la pili, nalo ndilo kubwa zaidi, linahusu muda. Mchezo huu haukuweza kuhifadhi chochote. Ukizima mashine, safari yote imefutika, na kesho utaanza tena kwenye mapiramidi ya Birabuto. Kwa hiyo aliyetaka kumwokoa Daisy alihitaji kufanya hivyo kwa mkao mmoja. Katika kila sehemu alipewa hesabu ya saa iliyokuwa ikipungua, na kioo kilisogea upande mmoja tu. Hakuna aliyeweza kurudi nyuma kuokota alichokiacha. Tena ilikuwapo taa ndogo nyekundu kando ya kioo, ambayo ilipoanza kufifia ilitangaza kwamba betri zinakwisha. Mtoto aliyekuwa amefika Chai, huku taa ikififia, alijifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyemwandalia.

Zaidi ya hayo, mchezo ulikuwa na mwisho. Tatanga akianguka, Daisy huokolewa, wawili hao huondoka pamoja, majina ya watengenezaji hupita, na kazi imekwisha. Aliyetaka aliweza kuanza upya na kukuta maadui wengi zaidi, na akimaliza mara ya pili aliruhusiwa kuchagua mahali pa kuanzia. Baada ya hapo mchezo haukuwa na jambo jingine la kumwambia. Haukumwita usiku wa manane. Haukumdai fedha ili aendelee. Haukumtisha kwamba asipocheza leo atapoteza zawadi ya kesho. Mtoto aliiweka mashine mezani, akatoka nje.

Hiyo ndiyo sababu watu wazima wa leo wanaukumbuka kwa uchungu kidogo. Wanakumbuka muda uliokuwa na mwanzo na mwisho. Mingi ya michezo ya simu ya siku hizi imeundwa isifike mwisho, maana faida ya mwenye kuiuza inategemea mchezaji asiondoke. Mtu aliyekulia katika ule utaratibu wa zamani, akimtazama mwanawe leo, huona tofauti ambayo aghalabu hana maneno ya kuieleza. Anasema tu, "Michezo yetu ilikuwa mizuri." Mtoto akiutazama mchezo wenyewe humcheka, na kwa haki yake, kwa sababu baba hajataja kile anachokikosa.

VITU HUZEEKA

Nostaljia, yaani ile hamu ya kurudi kwenye yaliyopita, ingekuwa jambo la moyoni tu kama vitu vyenyewe vingedumu. Lakini havidumu. Yokoi mwenyewe aliondoka Nintendo mwaka 1996, akaanzisha kampuni yake ndogo, na tarehe 4 Oktoba 1997 akafariki katika ajali ya barabarani akiwa na umri wa miaka 56. Mashine alizoziacha nazo zinazeeka. Vioo vya Game Boy za kwanza hupata mistari, kwa sababu viungo vya umeme vilivyogandishwa pembeni mwa kioo hulegea. Betri zilizosahauliwa ndani huvuja na kula shaba.

Ziko pia kaseti za michezo mingine ambazo zina betri ndogo ndani yake ya kuhifadhia safari ya mchezaji. Betri hiyo ikifa, kila kilichohifadhiwa kinapotea. Hapa Super Mario Land ina bahati ya pekee: kwa kuwa haikuwahi kuhifadhi kitu, haina betri ndani, na hivyo haina cha kupoteza. Kaseti iliyotunzwa vizuri tangu 1989 ingali ikimpeleka mchezaji Birabuto vilevile kama siku ya kwanza.

Tatizo ni kubwa kuliko kaseti moja. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation ilitoa matokeo ya uchunguzi wake, na kuonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya video iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 ilikuwa haiuzwi tena kwa njia ya kawaida. Anayeitaka hana budi kutafuta kaseti kuukuu kwa bei ya wakusanyaji, au kwenda mahali palipo na hifadhi. Super Mario Land haikuachwa kabisa. Mwaka 2011 iliuzwa upya katika duka la mtandao la mashine ya Nintendo 3DS, lakini duka hilo liliacha kuuza mwezi wa Machi 2023. Mwaka 2024 iliongezwa katika huduma ya Nintendo inayolipiwa ada. Hata hivyo, msomaji ataona tofauti. Mtoto wa 1989 aliyekuwa na kaseti alikuwa na mchezo. Mwenye kulipa ada anaazimwa, na mwenye kitu anaweza kukichukua wakati wowote.

Ikiwa nyumbani kwako, au kwa jamaa yako, kimo chombo cha namna hii ndani ya sanduku, usikitupe kabla ya kukitazama. Toa betri zilizomo. Zikiwa zimevuja, pangusa shaba kwa pamba iliyolowa siki kidogo, kisha ikaushe vizuri. Usipulize ndani ya kaseti kwa mdomo, maana unyevu wa pumzi huleta kutu. Tumia kijiti chenye pamba na spiriti. Kihifadhi chombo mbali na jua na joto. Na kama hukitaki, mpe mtu anayejua thamani yake.

KWA WAZAZI

Pengine mzazi atasema kwamba haya yote ni mambo ya Wajapani na matajiri. Lakini swali lililomo ndani yake ni letu sote. Kila nyumba ina muda wake, na kila nyumba huugawa itakavyo. Zamani muda wa kucheza uligawiwa na giza, na sauti ya mama akiita watoto waingie ndani, na betri zilizokwisha. Leo betri hazikwishi kwa urahisi na giza halizuii kitu. Kwa hiyo mpaka ambao zamani uliwekwa na vitu, leo hauna budi kuwekwa na watu.

Basi ndugu msomaji, usimkataze mwanao mchezo kwa sababu ni mchezo. Yokoi alianza kwa kuchezea vyuma katika saa zake za faragha, na mkuu wake akaona faida ndani yake. Keti na mtoto, mwulize mchezo wake unahusu nini, nani ni adui, na safari inaishia wapi. Kama safari ina mwisho, mwache aufikie, na akiufikia mpongeze kama ungempongeza kwa jambo jingine lolote alilolimaliza. Kama haina mwisho, msaidie kuuweka yeye mwenyewe. Na kama nawe uliwahi kuvuka falme za Muda na Chai ukiwa na betri nne na kioo cha kijivu, msimulie. Mweleze jinsi safari ilivyokuwa ikianza, jinsi ilivyokuwa ikiisha, na kile ulichokwenda kufanya baada ya kuizima mashine.